Kreti la Mgonjwa

Tarehe 3 Machi

Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Mvua kubwa imeanza alfajiri, na kwenye simu nimemwambia mke wangu: mvua hizi zikiisha, mimi nipo mlangoni. Akajibu, "Haya. Mlango upo." Mke wangu hatoi neno la pili pale ambapo la kwanza linatosha.

Kuandika huku kumeletwa na Mwalimu. Anasema mfanyakazi asiyeandika siku zake ataandikiwa na mwingine. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini kalamu sijaisahau. Nikikosea, anayesoma anisamehe au aache.

Nianze na kazi. Tunabeba mboga na matunda katika ghala la baridi. Mkanda unaleta makreti yaliyojaa, sisi tunayapanga na kuyasukuma hadi chumba cha barafu, halafu malori yanayachukua. Ajira hatuna, tuna simu. Alfajiri simu ikilia, una kazi siku hiyo. Isipolia, huna. Ukikosa kuitwa muda mrefu unakosa na kitanda, maana kitanda nacho ni cha kampuni.

Wenzangu wananiita Babu, ingawa sina mjukuu. Ni kwa ajili ya mwendo wangu. Mwaka jana niliteleza kwenye barafu, na goti la kulia halijarudi lilivyokuwa. Chumbani wanajua. Msimamizi hajui, na asijue.

Tarehe 4 Machi

Simu imelia. Mvua.

Tarehe 5 Machi

Simu imelia. Mvua. Redio hakunyamaza kutwa. Redio ni kijana wa kitanda cha kona, ana miguu ya swala na mdomo usio na swichi.

Tarehe 8 Machi, Jumapili

Darasa. Tunakutana stoo ya magodoro, nyuma ya bweni. Mwalimu zamani alifundisha historia, akaongoza mgomo wa walimu, akafukuzwa. Sasa anapanga vitunguu pamoja nasi, lakini akishika chaki anarefuka.

Anatufundisha mambo ya mzee mmoja wa zamani aliyeandika vitabu vinene juu ya matajiri na wafanyakazi. Kwa kuwa picha yake kwenye jalada ni ndevu tupu, sisi tunamwita Mzee Ndevu. Leo Mwalimu alichora mstari kwenye ubao wa kitanda kilichovunjika. Juu ya mstari, wenye ghala na mikanda. Chini, sisi tusio na kitu cha kuuza isipokuwa mikono.

"Na Msimamizi umemweka wapi?" Redio akauliza.

"Amekaa juu ya mstari, miguu inaning'inia huku kwetu."

Tukacheka. Mwalimu akaeleza thamani ya ziada: sehemu ya siku unajifanyia kazi mwenyewe, sehemu iliyobaki unamfanyia tajiri, na kengele ya kukuambia umevuka hailii. Hilo niliingia nalo usingizini.

Katikati ya darasa akaja mlangoni Mama Sabuni, maji yanamchuruzika. Huyu ndiye mkubwa wa kina mama wanaoosha makreti kwenye banda la nyuma. Akauliza kama wanaweza kuingia, banda lao linavuja, na wao pia wangependa kusikiliza.

Mwalimu alimjibu kwa adabu. "Mama, hili ni darasa la wafanyakazi."

"Na sisi kule tunacheza?"

Mwalimu akafafanua kwamba wao hawamo kwenye mkanda. Wanalipwa kwa kila kreti, brashi ni zao, mabeseni ni yao, wana mkataba na mwenye banda tu. Mtu wa aina hiyo kitabu kinamwita bepari uchwara.

Mama Sabuni akamtazama, akalitazama beseni alilojifunika kichwani.

"Bepari mimi? Basi hiki ndicho kiwanda changu. Kaeni salama, ngoja niende kwenye mkutano wa wakurugenzi."

Akaondoka na mvua yake. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tarehe 11 Machi

Simu imelia. Mvua. Goti.

Tarehe 16 Machi

Jambo jipya, nalo baya.

Msimamizi ametukusanya na sanduku la bangili. Si za urembo. Ni nyeusi, za mpira, zinafungwa mkono wa kulia. Bangili inajua unatembea, inajua umesimama, inajua umeinua mkono mara ngapi. Ukisimama kidogo inatikisika, kama mdudu aliyeingia kwenye shati. Na ukutani wamefunga ubao wa taa. Kila mtu ana namba yake, wa mbio yuko juu, wa pole yuko chini.

"Kila mwisho wa wiki," akasema Msimamizi, "watakaokuwa chini kabisa watapumzishwa."

"Kwa muda gani, bosi?" Redio akauliza.

"Watapumzishwa," akarudia Msimamizi, na hakututazama usoni.

Jioni Redio alikuwa wa kwanza ubaoni. Mimi nilijitafuta kuanzia katikati. Sikuwepo. Nikashuka kwa macho, nikashuka, nikajikuta.

Tarehe 17 Machi

Simu imelia. Wa nne kutoka chini.

Tarehe 18 Machi

Simu imelia. Wa tatu kutoka chini. Nimefunga goti kwa kitambaa ndani ya suruali. Mvua.

Tarehe 19 Machi

Wa tatu. Redio bado wa kwanza, anapita akipiga mluzi. "Babu, mwenda pole hajikwai!" Nikamjibu, "Hajikwai, anapumzishwa." Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Tarehe 22 Machi, Jumapili

Wawili wamepumzishwa. Mimi nilipona chupuchupu.

Nimeongea na mke wangu. Akaniuliza hilo darasa linasema nini hasa. Nikamweleza ile sehemu ya siku ambayo ni yako na ile ambayo ni ya tajiri. 

"Na mimi ninayelima," akasema, "ninayemwosha mama yako na kumgeuza kitandani, niliyekulisha hadi ukapata hayo mabega ya kwenda kuwabebea watu. Yangu iko sehemu gani ya siku?"

"Nitamuuliza Mwalimu."

"Muulize."

Nikamuuliza. Mwalimu alizungusha chaki vidoleni. Akasema ni swali zuri, lakini lina sura yake mbele kitabuni, hatujaifikia. Nilimheshimu kwa kutodanganya. Lakini kumpelekea mke wangu jibu hilo nimeshindwa.

Tarehe 26 Machi

Wa pili kutoka chini. Kesho Ijumaa ndiyo wanafunga hesabu ya wiki. Mwalimu amepita vitanda vyote: kesho tunakaa chini. Anasema mashine zinaenda kwa mikono yetu, mikono ikitulia mashine zimetulia, na mashine zikitulia tajiri anapiga magoti. Nilihisi damu inapanda. Kwa siku nyingi sijahisi hivyo.

Tarehe 27 Machi

Niandike yote.

Asubuhi, mkanda ulipoanza kuzunguka, Mwalimu alifungua bangili yake akaitia kwenye kreti tupu. Tukamfuata mmoja mmoja, hadi Redio, aliyefungua yake akiiangalia kama mtu anayevua pete ya ndoa. Tukakaa chini kwenye sakafu ya maji. Nyanya zikaanza kujaa mwisho wa mkanda, zikaanguka, zikapasuka. Dereva wa lori la kwanza akapiga honi. Msimamizi akaja mbio, akatuona, akasimama.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alitoa simu yake, akaisoma, uso ukambadilika rangi, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma, kuelekea banda la kuoshea.

Haikupita muda kina mama wakaingia. Walikuwa wamelowa, vitambaa kichwani, miguu peku. Msimamizi alikuwa amewaambia kila kreti watakalopakia litahesabiwa mara mbili ya la kuosha. Wakashika makreti yetu, mbele yetu, wakaanza kupakia. Hawakuwa na haraka wala hofu. Walipita katikati yetu kama watu wanaopita kati ya magunia.

Mwalimu alisimama. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Wasaliti! Wasaliti nyie!"

Mama Sabuni alitua kreti lake chini, taratibu.

"Mwalimu, msaliti ni mtu wa kundi lako. Sisi ulituambia si wa kundi lako. Nilikuja mlangoni kwako na mvua mwilini. Ulinipa jina, hukunipa pa kukaa."

"Mnauza jasho la wenzenu!"

"Wenzetu kina nani? Jana ulijua jina langu?"

Akainua kreti lake, akaenda. Mwalimu alibaki na mkono hewani. Hadi mchana malori yote yalikuwa yameondoka, na sisi bado tumekaa sakafuni. Kukaa chini wakati hakuna anayekuhitaji usimame, hakuna aibu kama hiyo. Mmoja wetu akainuka kwenda chooni asirudi. Wa pili akamfuata.

Tarehe 28 Machi

Simu haikulia.

Tarehe 29 Machi

Haikulia. Darasa hakuna. Mwalimu amelala akitazama ukuta.

Tarehe 30 Machi

Simu ya Redio imelia. Yake peke yake chumbani. Wa mbio wameitwa tena. Alikaa kitandani nayo mkononi, sisi watano tukimtazama.

"Sasa mnataka niipige teke?" akasema.

Akavaa viatu, akaenda. Nilimchukia kwa moyo wote, na chuki ilinipa joto siku nzima.

Tarehe 1 Aprili

Haikulia. Mlezi wa bweni ameulizia vitanda.

Tarehe 2 Aprili

Haikulia. Tumbo halijui mgomo. Nimekwenda banda la nyuma kuomba kazi ya kuosha.

Mama Sabuni alinikagua kuanzia kofia mpaka goti. Huyu aliliona goti mara moja.

"Karibu, bepari," akasema, akanirushia brashi.

Tarehe 5 Aprili

Kuosha kreti nilidhani ni kuosha kreti. Sivyo. Kreti la nyanya unaliloweka majini, la viazi linagongwa kwanza, la ndizi unasugua kona kwa chumvi. Likirudi chafu ghalani, mboga zinaoza na mwenye banda anakata malipo. Ghala lote linasimama juu ya makreti haya, na sisi ndani tuliyaona kama yanaota uani.

Leo nimekosea. Kila mtu hupanga rundo lake ili lihesabiwe jioni. Kando kulikuwa na rundo lisilo na mtu, nami nikaona kreti zuri, kavu, nikalichukua nikaliweka kwangu. Binti mmoja akaja, akalitoa juu ya rundo langu, akalirudisha.

"Hilo ni kreti la mgonjwa," akasema.

"Mgonjwa gani? Hapa hakuna mtu."

"Ndiyo maana. Amejifungua juzi."

Wanafanya hivi: mwenzao akiugua, akizaa, akifiwa, rundo lake linabaki pale pale, na kila anayepita anamwekea kreti moja katika aliyoosha. Jioni linahesabiwa kama vile alikuwepo. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna anayeulizwa kama ameweka. Mimi nilikuwa nimemwibia mzazi. Nilirudisha na la kwangu juu yake. Mama Sabuni aliona, akajifanya hakuona.

Tarehe 7 Aprili

Goti limevimba, halikunji. Nilikaa bandani kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikakausha kwa kitambaa, nikijua jioni sitakuwa na kitu. Jioni nikageuka kuangalia mahali pangu. Palikuwa na rundo.

Nilitafuta wa kumshukuru. Na wao hawakusubiri niseme.

Tarehe 9 Aprili

Nimegombana na Mwalimu. Nilimweleza habari za rundo, nikamwambia hao ndio wafanyakazi, kuliko sisi. Alikaa kitandani.

"Babu, hiyo ni huruma. Huruma si siasa. Wanagawana njaa yao vizuri, basi. Mwenye banda amepungukiwa nini?"

"Lakini hawaachani!"

"Hawaachani, na hawampunguzii tajiri hata punje."

Nilikuwa na hasira tu, na hasira haina sura za kitabu. Nikamwambia, "Twende ukamwambie Mama Sabuni mwenyewe." Nilidhani atakataa. Alivaa viatu.

Bandani hakuzunguka. Kwanza aliomba radhi kwa lile jina. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akasema yale yale aliyoniambia mimi.

Mama Sabuni aliendelea kusugua. Nikajiandaa kuokota vipande vya Mwalimu.

"Ni kweli," akasema. "Mwenye banda anaupenda sana utaratibu wetu. Anatusifu. Mtu akiumwa, tunamlipia sisi. Yeye hajawahi kuuguza hata kidole." Akasuuza brashi. "Lakini wewe, Mwalimu, ulitaka kumwangusha tajiri na watu ambao hujawahi kuwauliza hali zao. Nani atakufuata vitani kama nyumbani humwoni?"

Wakabaki wanatazamana. Mwishowe Mwalimu akavuta ndoo, akakaa.

"Mke wa huyu," akanielekezea kidole, "aliniuliza swali mwezi uliopita, nikamwambia lina sura yake mbele. Nimepekua kitabu chote. Limo kidogo sana, mstari hapa, mstari pale. Mzee Ndevu aliona mfanyakazi anaingia mlango wa kiwanda asubuhi. Aliyempikia, aliyemfulia, aliyemzaa, hakukaa naye sana. Mimi nilikisoma kama ratiba ya treni. Nikawa nangoja treni ambayo reli yake imeng'olewa."

"Basi kichome," mwanamke mmoja akasema.

"Hapana. Mstari alioona upo. Wenye mali wapo juu, sisi tupo chini. Ila watu wa chini ni wengi kuliko nilivyowahesabu, na bangili haikuwepo siku zake. Kitabu kinahitaji kuendelea kuandikwa."

Redio angekuwepo angesema kitu. Hakuwepo.

Tarehe 14 Aprili

Simu imelia! Ya kila mtu. Mazao yameiva kwa pamoja, mvua inaozesha, ghala limejaa hadi uani. Bangili mkononi tena. Jioni: wa mwisho kabisa.

Tarehe 15 Aprili

Wa mwisho. Mvua.

Mchana Redio alikuja kukaa karibu nami, kwa mara ya kwanza tangu ile siku. Kwa mara ya kwanza pia hakuwa na utani.

"Babu, nimekuwa nikiliangalia lile libao. Nilipokuwa ndani na wale wachache wa mbio tu, niliamka siku moja na homa. Nikawa wa mwisho. Mimi! Na nilikuwa nakimbia."

"Sasa?"

"Bangili haina kipimo chake. Inatupima sisi kwa sisi. Mimi nikikimbia, wewe unaonekana umelala."

Nilimtazama vizuri. Macho yalikuwa yameingia ndani. Kumbe siku zile nilipokuwa namchukia, alikuwa anakimbizwa.

"Na sote tukitembea sawa?" nikauliza.

"Hakuna wa chini," akasema. "Wala wa juu," akaongeza, na nikaona hilo la pili linamuuma kidogo.

Tarehe 19 Aprili, Jumapili

Darasa limehamia bandani. Kina mama na sisi, na mvua inapiga mabati hadi tunapiga kelele kusikilizana. Redio akaeleza, Mwalimu akaeleza tena. Hatugomi. Hakuna anayekaa chini. Tunafanya kazi, ila mwendo mmoja, ndani na bandani, mpaka bangili zitolewe na kina mama waajiriwe na ghala lenyewe, waugue kwa gharama ya ghala. Ndani tukipunguza na banda likipunguza, hakuna mlango wa nyuma wa Msimamizi.

"Mwendo wa nani?" akauliza mbeba vitunguu mmoja.

Kila mtu alikuwa na mwendo wake kichwani.

"Wa mgonjwa," akasema Mama Sabuni.

Na wote wakatazama mguu wangu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimelificha goti hili kama mtu anavyoficha jipu. Mwendo wa ghala zima ukiwa wangu, kila mwenye macho atajua chanzo. Ikishindikana, wengine watarudi kukimbia, mimi nitarudi nyumbani mikono mitupu, mguu mmoja.

"Babu, ukikataa hatukulaumu," Mwalimu akasema.

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Nilijua ni yule wa rundo. Nikasimama, nikavuka banda kwenda na kurudi, bila kujikaza, bila kuficha. Ilikuwa kama kuvua nguo.

"Ndiyo huo," nikasema. "Mnaoweza, mjifunze kuchechemea."

Tarehe 20 Aprili

Siku ya kwanza. Mwendo wangu. Bangili zilitikisika zote, tukawa tunatetemeka kama wenye homa. Ubaoni namba zilirukaruka, zikatulia, zikalingana. Malori yaliondoka jioni badala ya mchana.

Tarehe 21 Aprili

Siku ya pili. Redio anauma midomo. Miguu yake inataka kukimbia yenyewe. Mara moja ilimponyoka, akapita watu wawili. Mwalimu akamwita kwa sauti ya chini, "Redio, punguza." Akapunguza. Mvua.

Tarehe 22 Aprili

Msimamizi alikwenda bandani kama ile mara. Alirudi peke yake. Binti mmoja alituhadithia: aliwaahidi malipo mara tatu wakaingie kupakia. Mama Sabuni akamwambia, "Bosi, sisi ni mabepari. Hatubebi."

Nimecheka mpaka goti limeuma. Kisha hofu ikarudi. Nyanya zimeanza kunuka.

Tarehe 23 Aprili

Msimamizi ameniita kando, nyuma ya marobota. 

"Ni mguu wa kulia, siyo?" akasema.

Nikaegemea robota, mguu nikautoa mbele auone.

"Nimekutazama siku nne. Wote wanatembea kama wewe." Akanigeuzia simu yake. Kulikuwa na ubao mdogo, namba za wasimamizi wa maghala mengine, na yake ilikuwa chini, nyekundu. "Unadhani nyie peke yenu mna bangili? Nina watoto, Babu. Kesho wakiniuliza ni nani aliyeanzisha, nitajibu nini?"

Nilimwona kwa mara ya kwanza bila ule mstari wa chaki. Miguu ilikuwa inaning'inia kweli.

"Jibu unavyojua," nikamwambia. "Lakini ukinitoa mimi, mwendo unabaki."

Alirudisha simu mfukoni. Sijui atajibu nini.

Tarehe 24 Aprili

Simu imelia. Sijawahi kufurahia mlio kama huu. Mwendo ule ule.

Tarehe 25 Aprili

Simu yangu imelia. Ya Mwalimu haikulia. Wamechagua kichwa. Tulitaka kukaa naye, akatufukuza. "Nendeni. Mkikaa hapa ni mazishi."

Tarehe 26 Aprili, Jumapili

Meneja mwenyewe alikuja, viatu vyake vikazama matopeni. Akasema na sisi wa ndani peke yetu, stoo ya magodoro. Bangili zinatolewa. Walioitwa jana wataitwa hadi mwisho wa msimu, na atakayetaka likizo mvua zikiisha atapewa. Kina mama hao ni wa mwenye banda, hawamhusu. Mwalimu hamjui.

Alipoondoka stoo ilichafuka. Wengi walitaka kukubali. "Bangili ndiyo iliyotutesa, bangili inaondoka, tunataka nini tena?" Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, nami nilikuwa nimechoka kuliko wote. Likizo mvua zikiisha! Ilikuwa kana kwamba mtu amesoma ahadi yangu kwa mke wangu, akaniwekea mezani imefungwa kwa utepe.

Wakaniuliza mimi, kwa kuwa mwendo ulikuwa wangu. Mimi si msemaji. Nilisema hivi tu:

"Siku niliyoshindwa kusimama, walioniwekea rundo hawakuniuliza mimi ni wa nani. Nikikubali leo, nakuwa nimelichukua kreti lile mara ya pili. Na sasa najua ni la nani."

Redio akanyoosha mkono kwanza. Miguu ya swala, akawahi hata hapo. Mikono ikapanda polepole, mingine kwa hasira. Mmoja alitoka akabamiza mlango. Tulikataa.

Tarehe 27 Aprili

Mwendo ule ule. Mvua.

Tarehe 28 Aprili

Mwendo ule ule. Nimeota nakimbia.

Tarehe 30 Aprili

Lori la kwanza limerudi likiwa tupu. Makreti safi hayakutosha.

Tarehe 4 Mei

Wamekubali. Msimamizi ndiye aliyetangaza, akisoma bila kuinua uso. Bangili zimekusanywa kwenye sanduku lile lile. Kina mama wataingia kwenye orodha ya ghala, na atakayeugua au kujifungua atalipwa na ghala. Mama Sabuni alimwambia arudie sehemu hiyo. Akarudia.

Mwalimu hayumo. Hilo wamelikaza. Msimamizi alipomaliza kusoma aliongeza kwa sauti ya chini, "Hilo si mimi," na nikamwamini.

Hatukushangilia sana. Jioni Mama Sabuni alisukuma ndoo moja pembeni, akaipindua, akasema hapo ndipo mahali pa Mwalimu. Kila mmoja wetu, wa ndani na wa banda, anamwekea kidogo katika chake, mpaka simu yake ilie. Na mpaka siku hiyo malori yataendelea kutoka kwa mwendo wangu.

Mwalimu aliposikia aligeukia ukuta. Baadaye akauliza kwa sauti nzito kama kuna chaki.

Tarehe 10 Mei, Jumapili

Mvua imekwisha. Mabati yamekauka, na kimya chake kinaumiza masikio. Nimempigia mke wangu.

Nilimweleza yote, pamoja na likizo niliyoikataa. Sikupamba. Nilisema kuna mwenzetu ambaye simu yake hailii, na ingawa nilimwambia Msimamizi mwendo unabaki, naogopa nikiondoka sasa utakwenda nami. Kisha nikangoja kutukanwa.

"Mama yako jana amekaa mwenyewe," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Alishika kikombe." Kisha akaongeza, "Lile swali langu Mwalimu alilijibu?"

"Alisema mumo kidogo sana kwenye kitabu. Alisema ni kosa, na sasa anaandika jibu."

"Aandike vizuri. Asiniache tena katikati." Nikasikia anavuta pumzi. "Hilo rundo lenu. Mtu wa mbali anawekewa?"

"Anawekewa."

"Basi niwekee kreti moja. Nimechoka, baba watoto."

Hajawahi kuniambia amechoka, si mwaka huu wala ule uliopita. Nilishuka bandani kwa mguu wangu, nikaosha moja la nyanya, nikalisugua kona zote, nikalikausha, nikaliweka peke yake juani. Binti mmoja akauliza ni la nani. Nikamwambia. Alipopita tena aliweka la kwake juu yake.

Nilimwambia mke wangu nitarudi mvua hizi zikiisha, na zimekwisha. Sasa naandika ahadi upya: simu ya Mwalimu ikilia kesho, keshokutwa nipo njiani. Isipolia, nitakuja kabla ya mvua ndogo za vuli, nipande shamba pamoja na mke wangu, na mama nitamgeuza mimi.